Wasomaji Wauliza: Nikihama jimbo, siku zangu za kusubiri kibali cha kazi zinarudi sifuri?

Barua nyingi za safari hii zinatoka kwa watu walioomba hifadhi Marekani na wanaotaka kuhama mji kabla hawajapata kibali cha kazi. Nimechagua tatu, maana kila moja ina jibu lake tofauti. Mimi ni mkalimani, si wakili. Ninayoandika hapa ni kanuni zilizo wazi kwa kila mtu pamoja na ninayoyaona kila wiki. Kabla ya kusaini karatasi yoyote, mwonyeshe wakili au ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu nawe.

Barua ya kwanza

*Dada, salamu nyingi kutoka Portland, Maine. Mimi ni baba wa watoto watatu, mzaliwa wa Uvira. Tuliingia kwa mpaka wa Texas, kisha watu wa kanisa wakatusaidia kufika huku kaskazini. Kesi yetu iko mahakama ya uhamiaji ya Chelmsford, Massachusetts. Fomu I-589, ile ya kuomba hifadhi, tumeshaiweka, na wiki iliyopita nilipopiga ile simu ya mahakama niliambiwa nina siku 118. Kikao kinachofuata ni mwakani. Sasa shemeji yangu yuko Louisville, Kentucky. Ana nyumba yenye vyumba viwili vitupu na anasema kazi za ghala kule ni nyingi. Sisi hapa tunalala watu watano chumba kimoja cha hoteli kwa msaada wa jiji. Mke wangu anataka tuhame kabla shule hazijafunguliwa. Lakini kwenye kundi letu la WhatsApp mmoja kasema ukihama jimbo siku zinarudi sifuri. Mwingine kasema haziguswi kabisa. Wa tatu kasema tuhame kimyakimya, tusimwambie mtu. Tumfuate nani?*
*Baba wa Watatu, Portland*

Ndugu yangu, msimfuate hata mmoja.

Hilo la sifuri nalitaja kwanza kwa sababu naona ndilo linalokukosesha usingizi. Siku zako 118 hazifutwi. Maji yaliyokwisha kuingia kwenye pipa hayarudi bombani. Kinachoweza kutokea ni bomba kufungwa. Na hapo ndipo penye shida, kwa kuwa likifungwa linaweza kukaa limefungwa miezi mingi, na ninyi mko chumba kimoja na watoto watatu.

Mwomba hifadhi anaruhusiwa kutuma fomu I-765, yaani ombi la kibali cha kazi, baada ya siku 150 tangu ombi lake la hifadhi lipokewe. Kibali chenyewe hakitolewi kabla ya siku 180. Lakini siku hizo si za kalenda ya ukutani. Kuna hesabu maalumu, wenyewe wanaiita saa ya hifadhi, na kila ucheleweshaji ulioombwa au kusababishwa na mwombaji mwenyewe huisimamisha. Kwa mtu mwenye kesi mahakamani kama wewe, hesabu hiyo huamuliwa kikao kwa kikao. Jaji anapoahirisha kesi huandika sababu. Sababu ikiwa ni ya mahakama, siku zinaendelea. Sababu ikiwa ni yako, siku zinasimama mpaka kikao kinachofuata. Mtu akiomba muda wa kutafuta wakili na kikao kipya kikapangwa baada ya miezi kumi, hiyo miezi kumi yote haimo kwenye hesabu.

Nimekaa pembeni ya watu wengi wakati jaji anauliza, kwa upole kabisa, kama wanahitaji muda zaidi. Mtu anaitikia, "Ndiyo, mheshimiwa," anashukuru, anatoka amefurahi. Miezi inapita, anapiga simu, anakuta siku zake ziko palepale. Mkalimani haruhusiwi kuongeza neno lake mahakamani. Ndiyo maana nayasema hapa. Sisemi usiombe muda wa kutafuta wakili. Wakili mzuri ana thamani kuliko kibali. Nasema ujue gharama ya lile "ndiyo" kabla hujalitamka, na baada ya kulitamka umwulize jaji, jina la kesi yako likiwa bado mezani, kama saa ya hifadhi inaendelea au imesimama. Ni swali la halali, na majaji wamelizoea.

Turudi kwenye Louisville. Kuhama kwako wewe na mke na watoto ni jambo moja. Kuhama kwa kesi yako ni jambo la pili. Watu huyachanganya haya mawili, hata baadhi ya wale wanaolipwa kujaza fomu.

Ukihama mwili tu, kesi haikufuati. Unaijulisha mahakama anwani mpya kwa fomu EOIR-33 ndani ya siku 5 za kazi, na kesi inabaki Chelmsford, mbele ya jaji yuleyule, tarehe ileile. Kubadilisha anwani si kuomba kuahirishwa, kwa hiyo hakusimamishi saa. Ili kesi yenyewe iende Louisville, ambako kuna mahakama ya uhamiaji, ni lazima uandike ombi la kuhamisha kesi na jaji wa Chelmsford akubali. Ombi hilo limetoka kwako, kwa hiyo ucheleweshaji unaotokana nalo huhesabiwa kuwa wako. Siku zinasimama mpaka usimame mbele ya jaji mpya kwa mara ya kwanza. Kikao hicho cha kwanza kinaweza kuja upesi, kinaweza kuchelewa sana. Huna namna ya kukipangia tarehe.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni hili: kama ni lazima mhame, hameni watu, acheni kesi Chelmsford mpaka saa ifike 180. Baada ya hapo iombe ihame. Siku 180 zikishatimia, saa ikisimama baadaye kwa sababu ya kuhamisha kesi hainyang'anyi haki uliyokwisha kuipata.

Lakini kwanza hakikisha saa yako inatembea. Umesema ulipiga wiki iliyopita ukaambiwa 118. Piga tena leo. Namba ni ileile, 1-800-898-7180, ni ya bure, inaongea Kiingereza na Kihispania. Uwe na namba yako ya A mkononi, ile namba ya faili lako la uhamiaji inayoanza na herufi A. Ikisema 125 au karibu na hapo, saa inatembea. Ikisema bado 118, imesimama, na pengine ilisimama kwenye kikao kilichopita bila wewe kujua. Hapo mwendee wakili akusaidie kuangalia sababu iliyoandikwa. Ikiwa jaji aliahirisha kwa sababu zake mwenyewe na ikaandikwa ni wewe, hilo linarekebishwa kwa kuiandikia mahakama au kulisema kwenye kikao. Nimeliona likirekebishwa. Usikae nalo.

Na usitume I-765 kwa kubahatisha. Zamani mwomba hifadhi alipata kibali cha kwanza bila kulipa ada. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imeweka dola 550 kwa kibali hicho cha kwanza, ada ambayo inapanda kufuatana na mfumuko wa bei, na hakuna msamaha wake hata kwa asiye na kitu. Mke wako akitaka kufanya kazi atatuma fomu yake na kulipa ada yake. Ukituma wakati saa ina siku pungufu ya 150, ombi linakataliwa na pesa hazirudi. Kwa familia inayokaa hotelini kwa msaada wa jiji, huo ni msiba. Subiri simu iseme 150, kisha tuma, na kwenye bahasha uweke nakala ya kurasa za mbele za I-589 na karatasi inayoonyesha mahakama iliipokea lini. Ukituma kwa posta, anwani ya kutumia inategemea jimbo unaloishi siku hiyo, kwa hiyo usinakili ile aliyotumia jirani yako wa Portland.

Sasa karatasi za kuhama, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

EOIR-33 ni ya kila mtu peke yake. Mko watano kwenye kesi, ni fomu tano, hata mtoto wa miaka miwili ana yake. Nakala inakwenda kwa mawakili wa serikali wa upande wa ICE, idara inayokamata na kuondoa watu nchini. Mahakama na idara ya uhamiaji, USCIS, hazipashani habari za anwani, kwa hiyo USCIS nayo unaijulisha kwa AR-11, fomu yao ya kubadilisha anwani, ndani ya siku 10. Kisha toa ule mfuko wa karatasi mlizopewa Texas, uzisome zote. Walioachiwa kutoka kizuizini kwa karatasi ya I-220A wana sharti la kutohama bila kupata ruhusa ya ICE kwa maandishi. Kama umo kwenye kundi hilo, ruhusa inatangulia, basi la kwenda Kentucky linafuata. Hili mweleze wakili kabla ya mengine yote. Najua hofu iliyopo sasa ya kwenda kuripoti, na sikulaumu kwa kuiogopa. Ndiyo sababu nasema uende na ushauri wa wakili, usiende peke yako na wala usiache kwenda.

Yule wa tatu kwenye WhatsApp, wa kuhama kimyakimya, ndiye anayeweza kukuharibia maisha. Barua ya mahakama ikitumwa kwenye anwani uliyowapa, sheria inahesabu kwamba umeipata. Tarehe ya kikao ikibadilishwa, barua ikaenda kwenye hoteli ya Portland nanyi mko Louisville, jaji ataita jina lako mara moja, hutakuwepo, na amri ya kuondolewa nchini itatolewa bila wewe kusema neno. Hapo hatuzungumzii tena siku 118 wala 180.

Hata ukitoa anwani, hakikisha barua inafika. Nyumba ya shemeji ina jina la shemeji kwenye sanduku la posta. Mleta barua akiona jina asilolijua anaweza kuirudisha. Andikeni majina yenu kwenye kibandiko ndani ya kile kimlango cha sanduku, majina yote ya familia, kwa herufi kubwa na kwa mpangilio uleule ulio kwenye karatasi za serikali. Sisi watu wa Kongo tunalijua tatizo hili: jina la baba, jina la katikati na la ubatizo hubadilishana nafasi kila fomu. Mtu mmoja anakuwa watu watatu mbele ya mleta barua. Angalia karatasi ya kwanza uliyopewa mpakani, ndiyo iliyokupa jina hapa, na ulifuate hilo mpaka litakaporekebishwa rasmi. Kwenye fomu ongeza "c/o", yaani "kwa mkono wa", na jina la shemeji. Posta ya Marekani pia ina huduma ya bure iitwayo Informed Delivery, inayokuonyesha kwenye simu picha za bahasha zinazokuja siku hiyo. Jiandikishe wiki ya kwanza. Kuna watu wamejua wameitwa kuchukuliwa alama za vidole kwa kuiona bahasha kwenye simu, huku bahasha yenyewe ikiwa imeingia kwa jirani.

Kikao cha mwakani je? Kama wakati huo kesi bado iko Chelmsford, mna njia mbili. Majaji wengi husikiliza vikao vifupi kwa video kupitia Webex, na mnaweza kuomba hivyo mapema kwa maandishi. Mkipata ruhusa, vizuri. Msipojibiwa, mnasafiri. Hali ni hiyohiyo kwa ombi la kuhamisha kesi: kuliwasilisha hakukupi ruhusa ya kutofika. Mpaka jaji aseme amekubali, jaji wako ni wa Chelmsford.

Ombi la kuhamisha kesi nalo si barua ya mistari mitatu. Mahakama inataka tarehe ya kikao kijacho, anwani kamili ya makazi mapya, sababu za kuhama zilizoelezwa vizuri, unaomba nafuu gani, kama vile hifadhi, na kwa msingi gani, na majibu yako kwa madai ya serikali: umeyakubali au umeyakana. Hayo majibu ya mwisho yanabaki kwenye faili mpaka siku ya hukumu. Usimruhusu mtu wa fomu ayajaze kwa kukisia akukabidhi usaini. Na kwa msomaji mwingine ambaye bado hajaweka I-589 na kesi yake iko mbali, tuseme San Antonio, wakati yeye anaishi Maine: huyo muulize wakili kama inafaa kesi ihame kwanza, kisha I-589 iwekwe kwenye mahakama mpya, kwani saa ambayo haijaanza haina cha kusimamishwa. Ila asisahau kwamba I-589 lazima iwekwe ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia nchini. Mwaka huo haumngoji mtu anayesubiri jibu la jaji.

Nimalizie na kazi za ghala. Shemeji anasema kweli, zipo. Lakini kila mwajiri Marekani anatakiwa kukagua karatasi za mfanyakazi kwa fomu I-9, Kentucky kama Maine. Kabla ya kadi ya kibali cha kazi, wingi wa kazi Louisville hautakusaidia, na kufanya kazi kwa jina la mtu mwingine ni kuiweka kesi yako mikononi mwa huyo mtu. Jambo jingine ambalo barua yako haikulitaja: msaada unaolipia hoteli na chakula hapo Portland umetokana na sheria ya Maine, ambayo inawaruhusu waomba hifadhi kusaidiwa hadi miezi 24. Majimbo mengi hayana kitu kama hicho. Mkivuka mpaka wa jimbo, msaada unabaki nyuma. Kaa na shemeji kwa simu, mkiwa na mkeo, mwulize waziwazi: ataweza kulisha watu watano zaidi kwa miezi mitatu, minne, kabla kadi haijafika? Shemeji mwenye moyo husema "njooni tu." Wewe taka hesabu.

Kwa maoni yangu, mngevumilia Portland mpaka siku 150, mtume I-765 mkiwa hapo, na mhame baada ya kadi kufika. Kadi ikitumwa kwenye anwani ambayo umekaa unaijua, hatari inapungua kwa nusu. Lakini silali mimi kwenye chumba hicho cha hoteli, na mkeo anapotaka watoto waanze shule mahali watakapobaki, ana hoja. Mkiamua kwenda, nendeni kwa utaratibu huo niliousema.

Naandika haya nikiwa na uchungu, sitaficha. Mwaka 2019 mamia ya watu wetu, wengi kutoka Kongo na Angola, walilazwa kwenye vitanda vya kukunjwa ndani ya ukumbi wa michezo wa Portland Expo. Tangu wakati huo wabunge wa Maine wa vyama vyote viwili, Seneta Susan Collins na Mbunge Chellie Pingree, wamepeleka miswada ya kupunguza kusubiri kuwa siku 30. Haijapita. Mafundi, wauguzi na walimu wanakaa mikono mitupu, wakilipiwa na jiji, wakati hospitali na viwanda vya samaki vya jimbo hilohilo vinatafuta watu. Anayewaita wavivu ndiye huyohuyo asiyetaka wapewe ruhusa ya kufanya kazi.

Barua ya pili

*Dada yangu, mimi ni Mrundi, niko Columbus, Ohio. Niliingia kwa viza, nikaomba hifadhi mwenyewe kwa USCIS, sijafika mahakamani. Nina siku 95. Nimepata chumba kwa mama mmoja wa kwetu Grand Rapids, Michigan. Nimesoma kwamba ukihamisha kesi saa inasimama. Je, nikae tu hapa Columbus hata kama kodi imenishinda?*
*Dada wa Gitega*

Usikae mahali kodi imekushinda, dada. Kwa hali yako unaweza kuhama.

Lakini elewa kwamba kwako kanuni ni nyingine kuliko ya ndugu wa Uvira. Yeye kesi yake iko kwa jaji, haihami mpaka aombe. Yako iko kwenye ofisi ya hifadhi ya USCIS, na kule anwani ndiyo inayoamua ofisi gani inashika faili. Ukihamia eneo la ofisi nyingine, faili huenda huko, na maelezo rasmi ya USCIS yanataja wazi kwamba ombi la kuhamishia kesi kwenye ofisi nyingine, hata likitokana na anwani mpya, ni ucheleweshaji wa mwombaji. Saa inasimama.

Bahati yako ni kwamba Ohio na Michigan zote ziko chini ya ofisi ya Chicago. Faili lako halina mahali pa kwenda. Ungeniambia unahamia Houston au Boston, ningekuomba ujikaze mpaka siku 180 kama kuna namna yoyote. Kabla ya kufunga mizigo, ingiza namba ya posta ya anwani mpya kwenye ukurasa wa USCIS wa kutafuta ofisi, uhakikishe, maana mipaka ya ofisi hizi imewahi kubadilishwa.

Tuma AR-11 ndani ya siku 10, kupitia akaunti yako ya mtandaoni kama unayo, na hakikisha anwani imebadilika kwenye kila ombi lililo wazi. Wito wa alama za vidole ukija Columbus nawe uko Grand Rapids, ukakosa kufika, saa inasimama kwa kosa la barua. Na kama tayari umeitwa kwenye usaili, usiombe kubadilishiwa mahali wala tarehe. Panda basi, rudi, kaa na mkalimani wako, jibu maswali, kisha urudi Michigan. Kuomba kusogezwa ni ucheleweshaji, kufika bila mkalimani anayefaa ni ucheleweshaji, kuomba kuleta ushahidi zaidi baada ya usaili pia ni ucheleweshaji. Panga vyote kabla hujaitwa.

Nikusihi pia usisome maelezo ya zamani mtandaoni. Agosti 2020 kusubiri kuliongezwa kukawa siku 365, na kurasa nyingi za wakati huo bado zipo. Februari 7, 2022 jaji wa shirikisho mjini Washington alizifuta kanuni zile, tukarudi kwenye 150 na 180 ninazozitumia hapa. Wiki utakayotuma fomu yako, soma maelekezo ya I-765 yaliyo kwenye tovuti ya USCIS siku hiyo, uangalie siku na ada. Kama Kiingereza chake kinakupa shida, maktaba nyingi za mji zina watu wa kukusaidia bila malipo.

Barua ya tatu

*Mimi ni kijana wa Mombasa, niko Minneapolis. Kadi ya kazi nimeshapata, hifadhi bado nasubiri. Nikihamia Seattle kadi itakuwa halali?*

Ni halali, mdogo wangu. Kadi haina jimbo na haijaandikwa anwani. Kesi ndiyo inayotaka kupewa habari, kama nilivyowaeleza wenzako: AR-11, na EOIR-33 kama uko mahakamani.

Wewe angalia tarehe ya mwisho kwenye kadi. Zamani ukiomba upya mapema, kadi ya zamani iliendelea kukubaliwa hadi siku 540 ukisubiri mpya. Kwa walioomba upya kuanzia Oktoba 30, 2025 nyongeza hiyo ya moja kwa moja imeondolewa. Na kadi za waomba hifadhi zinazotolewa tangu Desemba 2025 hazizidi miezi 18, zilikuwa zikifika miaka 5. Maana yake kadi ikiisha kabla mpya haijafika, mwajiri atakusimamisha siku hiyo. USCIS inapokea ombi la kuhuisha kadi kuanzia siku 180 kabla haijaisha. Tuma mara tu dirisha hilo linapofunguka, ukitumia anwani utakayokuwa nayo miezi sita ijayo. Kama hujui bado utapanga wapi Seattle, tafuta nyumba kwanza.